Njia ya Habari Tatu na Kicheko

Mishi alitoka nyumbani kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, anakimbia. Majirani walimwuliza kulikoni, naye akawapungia kile kiatu tu, maana pumzi alikuwa anaiwekea akiba. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha na kwa hofu, na ukimwuliza kipi kilizidi atakwambia furaha. Leo! Leo njia yao ya Majabalini inapimwa! Bahari ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma, mchanga umeanza kung'aa, na karani wa Baraza alikuwa amesimama pale njia inapoanzia, kofia kichwani, daftari kwapani, amejinyoosha utadhani anapigwa picha.

Ngojeni kwanza. Msimfuate mbio mbio, nyinyi hamjui bado anakimbilia nini.

Mji huo hauna jina. Wageni waliouliza waliambiwa ni hapa, wakasema hapa wapi, wakaambiwa hapa hapa, mambo yakaishia hivyo. Ni mji mdogo kando ya bahari, nyumba zake zimepeana migongo, na kwenye kila mlango kuna kijia kinachoshuka pwani. Kimoja kinapita mchangani, kimoja kinakata mikokoni, kimoja kinaruka majabali hadi Rasini. Na watu wa hapo, jamani, wana mambo yao! Hawapimi njia kwa hatua wala kwa saa. Wanaipima kwa mazungumzo. Muulize mtu, mikokoni ni mbali? Atakujibu, aa, mbali wapi, ni salamu na umbea mmoja mfupi. Na huko mchangani? Huko ni kesi nzima ya talaka, na mkirudi mtakuwa hamjaimaliza. Hapiti mtu peke yake wala hapiti mtu kimya. Mmoja anasema, mwenzake anaitikia enhe, na njia inakwenda. Ukinyamaza, miguu itakwenda lakini jabali lililo mbele yako litabaki mbele yako, utembee mpaka soli iishe. Na ukisema bila wa kukuitikia, njia itakwenda, lakini ulichokisema hukipati tena. Kimekutoka. Ndiyo maana watu wa huko ni hodari wa kuitikia, wanaitikia hata usingizini.

Mishi tangu mdogo alikuwa na swali lake moja, na lilimwasha mpaka amekuwa mtu mzima wa miaka arobaini na miwili. Nilipokuwa peke yangu chumbani, sijasema neno, hajanijibu mtu, nilikuwapo? Au nilianza kuwapo pale mama aliposema enhe kutoka jikoni? Alikuwa akijiuliza hivyo huku anachota maji, anapeta mchele, anangoja zamu yake kwa daktari. Watu wengine wanaogopa kufa. Yeye aliogopa kutoitikiwa, na aliona ni kitu kimoja.

Basi. Baraza likaamua kuchora ramani. Njia itakayoingia ramanini ipo, isiyoingia haipo, na isiyokuwapo haikuwahi kuwapo. Msidhani ni maneno ya karatasini tu. Mwaka uliopita waliifuta njia ya Mkomani, na asubuhi yake bwana mmoja wa huko aliamka akakuta mezani vikombe viwili vya chai, vyote vya moto. Kimoja chake. Cha pili hakujua ni cha nani. Akakaa akakitazama mpaka kikapoa, akakimwaga, akaenda kazini. Njia ikifutwa, walioitembea wanafutika vichwani mwa walio hai, na kichwa hakiumi hata kidogo.

Majabalini ilikuwa njia ya mama yake Mishi. Yeye ndiye aliyeizoesha, miaka thelathini, kila maji yakipwa. Alikuwa amekufa miaka mitano iliyopita, na njia ile ndiyo iliyobaki naye. Fomu ya Baraza ilipokuja, mahali palipoandikwa Urefu, Mishi alijaza kwa mwandiko wake mzuri: habari tatu na kicheko. Alijaza kwa moyo mweupe, hakuna mtu wa mji ule ambaye angejaza vingine. Fomu ikarudi na wino mwekundu: haina urefu. Akaenda, akalia, akagomba, akapiga meza, na mwisho akapewa nafasi moja. Karani ataitembea pamoja naye, kutoka maji kupwa hadi maji kujaa. Akifika Rasini ana hesabu ya hatua mkononi, njia itaingia. Maji yakiwakuta kabla, au hesabu ikikosekana, inafutwa leo leo, na mama anakwenda nayo.

Sasa mnaweza kukimbia naye.

"Bwana Karani, shikamoo!" Mishi alisema, akiinama kuvaa kile kiatu cha pili.

Karani Badi hakujibu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, shingo nyembamba, macho ya upole, na midomo iliyobanwa. Alinyoosha kidole akamwonyesha beji kifuani. Iliandikwa: Anahesabu. Asisemeshwe.

"Haiwezekani," Mishi alisema. "Bwana Karani, njia hii huwezi kuipita kimya. Niitikie tu. Enhe moja moja. Hata kwa pua."

Karani akatikisa kichwa. Alikuwa amekula kiapo. Akainua mguu wa kulia, moja, akainua wa kushoto, mbili, midomo yake ikicheza bila sauti, nao wakaanza.

Wakatembea. Jabali la kwanza, jeusi, lenye chaza ubavuni, lilikuwa mbele yao. Wakatembea. Lilikuwa mbele yao. Upepo ulivuma, kaa walikimbia huku na huku, jua lilipanda kidole kimoja, na jabali lilikuwa mbele yao, halijasogea hata unene wa ukucha. Hatua ishirini. Hatua thelathini. Mishi akatazama nyuma akaona mahali walipoanzia, palepale, karibu kiasi cha kupagusa. Akahisi nywele zinamsisimka. Kumbe ni kweli! Maisha yake yote alikuwa ameambiwa, hakuwahi kujaribu, kwa sababu nani wa mji ule aliyewahi kunyamaza hatua thelathini?

"Haya basi," akasema. "Nitasema mimi."

Akaanza na habari za bei poa. Akamsimulia harusi ya jirani, jinsi bwana harusi alivyochelewa kwa sababu ya kanzu kuungua pasi. Jabali la kwanza likapita ubavuni mwao, hivyo tu, laini. Mishi akaruka kwa furaha. "Umeona? Umeona, Bwana Karani? Inakwenda!" Akaendelea, mbuzi wa msikitini, ugomvi wa bomba la maji, mwalimu aliyejifungia nje na nguo za kulalia. Majabali yakapita moja baada ya jingine. Kisha akataka kurudia ile ya harusi, maana ilimchekesha mwenyewe, akakuta hayupo bwana harusi. Hakukuwa na pasi. Alijua tu kwamba alikuwa amesema kitu. Palipokuwa na habari pamekuwa peupe.

Akasimama. Karani naye akasimama, mguu hewani.

"Niitikie," Mishi alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

Karani alitazama bahari. Mbali kule mstari mweupe ulikuwa umegeuka, unaanza safari ya kurudi.

Na habari zile ndogo zikaisha nguvu. Alisema za mjomba, njia ikasogea kidogo ikasimama. Alisema za shuleni, haikusogea kabisa. Njia ilikuwa imezoea mtu mmoja, ilikuwa inamtaka huyo huyo. Mishi alijua tangu mwanzo itafika hapo. Alikuwa anajifanya hajui.

Akawaza mbio mbio, vipande vipande, huku miguu inapiga mahali pamoja. Nikimsema namtoa. Nisipomsema wanamfuta. Nikimsema namtoa kidogo kidogo, labda tutafika kabla sijamtoa wote. Labda kitabaki kitu. Sauti. Hata kikohozi. Mtu mzima anaishia kikohozi? Na mimi nikishamtoa wote, huyu atakayefika Rasini kuidai njia ni nani, ni binti wa nani? Njia ya nani? Eh, Mishi, maji yanakuja, sema!

"Mama yangu," akasema, "alikuwa akinifichia ukoko."

Njia ikaruka! Majabali mawili yakapita kwa mpigo. Mishi akapiga kelele kama mtoto aliyerushwa juu. Ukoko wa wali wa nazi, Bwana Karani, ule uliokamata rangi, wageni wakija anauficha, anawaambia leo wali haukushika, kumbe umeshika! Anasubiri waondoke. Anauvunja vipande viwili, kikubwa ananipa, kidogo anasema ameshiba. Na kucheka kwake! Kulianza mabegani. Mabega yanatikisika kwanza, wewe unayeona unaanza kucheka kabla yake, halafu ndiyo sauti inakuja, na mpaka ije wewe uko chini. Alikuwa akiongea huku anaruka jabali hadi jabali, uso umemwaka, kila neno linamtoka na halirudi, naye anajua, na bado raha ya kumsema mama ilikuwa kubwa kuliko hofu. Hakuwa amemsema hivyo tangu matanga. Watu walikuwa wakimwambia nyamaza, utajiliza.

"Na haya majabali, unajua aliyapa majina? Aliyapa majina ya mawifi zake! Hili Zamzam, lile Bimkubwa, lile pana kule ni mamamkwe. Akasema, mwanangu, nyumbani nawaheshimu, huku acha niwakanyage!"

Hapo pua ya Karani ilitoa sauti. Ndogo. Huenda ilikuwa chafya.

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Rasi ilikuwa inaonekana, na juu yake mwavuli, na chini ya mwavuli kiti, na kitini amekaa Mheshimiwa wa Baraza na muhuri wake, anangoja. Ilibaki kona moja. Mishi akajipapasa ndani akatafuta cha kusema, akakuta ukoko haupo. Mabega hayapo. Aliona majabali matupu, mawe tu, ya nini mtu kuyapa majina. Kulikuwa na kitu kimoja kimebaki, kizito, kilichokuwa chini ya vyote, ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

"Aliniomba nimlete huku," akasema, na furaha yote ikamkatika. "Siku ile ya mwisho. Alisema, nishike mkono tu, nitakwenda polepole. Nilikuwa nafua. Nikamwambia kesho, mama. Akasema haya. Adhuhuri hakuwapo."

Kona ikapita. Na hilo likamtoka pia.

Mwanamke aliyesimama pale, maji magotini, alikuwa mtulivu. Alitazama mzee mwenye kofia aliyekuwa mbele yake, akamtazama kwa adabu.

"Samahani, baba," akasema. "Tunakwenda wapi? Na mimi nimetumwa na nani?"

Mnataka kujua Karani Badi alikuwa hatua ya ngapi? Nitawaambia, maana yeye mwenyewe alikuwa anaona haya kusema. Alikuwa hatua ya mia mbili na moja. Tangu zamani! Tangu ukoko! Miaka thelathini ya kazi hakuwahi kukosa hata nusu hatua, akapita katika njia mia na kitu midomo imebanwa, watu wakimsemesha na kupauka mmoja mmoja nyuma yake, na yeye akiandika tarakimu. Leo neno ukoko lilimwingia sikioni hesabu ikasimama palepale, na huko kwingine kote midomo ilikuwa inacheza tu, kwa aibu. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa amekunywa kila neno, na sasa amejaa mpaka kooni, na mwenye maneno yuko mbele yake amebaki kanga na viatu.

Mdomo wake ukafunguka. Ulikuwa mkavu.

"Enhe," alisema Karani Badi. "Enhe, enhe, enhe, halafu?"

"Halafu nini, baba?"

Loo! Amechelewa. Enhe haina pa kushika. Akamkamata Mishi mabega yote mawili, kofia ikaanguka majini ikaenda zake. "Basi niitikie wewe!" akapaza sauti. "Nasema mimi, wewe niitikie! Ulikuwa na mama!"

"Enhe?" alisema Mishi.

"Akificha ukoko!"

"Enhe."

Njia ikasogea. Karani akasema, akasema, aliyoyabana miaka thelathini yakapata mlango, sauti imepasuka, maji mapajani. Alisema ya mabega na kicheko, akawataja mawifi kila mmoja kwa jabali lake, akajikanyagia mamamkwe kwa kisigino mwenyewe. Kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyobadilika, ikawa haijulikani vizuri ni ya nani, na hakusikia alipovuka akaacha kusema yeye akaanza kusema mimi. "Nilikuwa nakufichia wewe, nani mwingine? Na siku ile, mwanangu, nilisema haya kwa sababu ilikuwa haya. Jua lilikuwa kali. Nisingefika hata kwa Zamzam. Ulikuwa unafua shuka zangu, Mishi, nilikuwa nakusikia ukizipiga, paa, paa, nikalala na sauti hiyo. Ilinitosha."

Mishi alikuwa analia bila kujua kwa nini, anaitikia enhe, enhe. Karani akapata pumzi, akarudi kwenye sauti yake. "Na huo ukoko," akasema, "aliuweka kabatini, wageni wasiuone."

"Kabati!" Mishi aliruka. "Kabati gani? Sisi tulikuwa na kabati? Aliuweka mvunguni mwa kitanda, kwenye kopo la maziwa ya unga, lile lenye picha ya ng'ombe!"

Bahari ikawapiga kiunoni wasijali.

"Kopo hukunitajia," alisema Karani Badi taratibu. "Hilo sikukupa mimi."

"Hukunipa," alisema Mishi. Akaanza kutetemeka, na ilianzia mabegani. "Hukunipa! Ni langu! Alikuwa akilifunika kwa gazeti! Na siku moja panya, Bwana Karani, ngoja nikuambie, siku moja panya—"

Walipanda Rasini wameshikana mikono, wamelowa, wanakatizana maneno, wanacheka mpaka hawaoni wanapokanyaga. Mheshimiwa alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini. Alikuwa mnene, msafi, ana sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa.

"Hatua ngapi?" aliuliza.

Karani Badi alisimama wima, maji yanamchuruzika. "Mia mbili na moja, mheshimiwa."

"Mia mbili na moja? Mmetoka asubuhi!"

"Baada ya hapo nilikuwa nasikiliza."

Mheshimiwa alinyoosha mkono. Akavua beji ile kwenye kifua cha Karani, akaitia mfukoni, na mambo ya kazi yakaishia hapo. Kisha akafungua ramani juu ya goti, akatafuta kile kistari chembamba cha Majabalini, akapuliza muhuri, akaugonga. Haipo. Wino ulikuwa mwekundu, ukasambaa kidogo.

Akasubiri. Alikuwa na desturi ya kusubiri, apate kuona nyuso zinavyopauka. Mishi alimkamata Karani mkono kwa nguvu. Alifumba macho, akajiambia usiogope, usiogope, ikitoka kwangu iko kwake.

"Haya, bibie," Mheshimiwa alisema kwa upole wa watu wa muhuri. "Nikumbushe. Mama yako ni nani?"

"Biubwa binti Mshangama!"

Zilikuwa sauti mbili, ya mwanamke na ya mzee, kwa mpigo, na kwa ukelele uliowarusha ndege wote wa Rasini. Mheshimiwa akashtuka. Akatazama muhuri. Akatazama ramani, mahali pale pekundu. Kuwafuta wawili wanaoitikiana hakukuwa kumeandikwa popote, na huenda angeita askari, huenda angegonga mara ya pili. Lakini mwanadamu ana kwao. Naye alizaliwa mji huo huo, akanyonyeshwa humo, na mtu wa mji ule ukimtajia jina la mtu na la babake, hata awe na muhuri mikono yote miwili, kuna jambo moja hawezi kulizuia.

"Biubwa yupi?" alisema, kabla hajajiwahi. "Yule aliyemkimbiza kadhi na mwiko?"

Mishi alifumbua macho. Alijitafuta ndani kila pembe. Hiyo hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo, si kabla ya leo, si baada. Miaka arobaini na miwili hakuna aliyewahi kumwambia.

"Mama yangu?" alisema. "Kadhi? Na mwiko?"

Mheshimiwa alifunga mdomo. Alikuwa amechelewa, na aliijua habari ile yote, mwanzo mpaka mwisho, alikuwapo, alikuwa na miaka saba amejificha nyuma ya pipa. Ilimcheza usoni. Mishi alikwisha kumshika mkono mmoja, Karani Badi amemshika wa pili, na chini yao maji yalikuwa yamefunika kila kitu, hakuna jabali linaloonekana, ila mahali pa kukanyagia wote watatu walikuwa wanapajua.

"Ilikuwa harusi ya dada yangu," alisema Mheshimiwa, na viatu vyake vyeusi vikaingia majini.